Mwambie Mama Yako

Upepo wa kisiwa hiki hauna adabu. Nimekuwa nikitembeza wageni pwani yake tangu nilipooa, na hadi leo sijauzoea. Unatoka baharini, unapiga mawe meusi yaliyomwagwa na volkano enzi hizo, haukuti mti wa maana wa kuuzuia, kisha unatuingia sisi masikioni. Wageni huja na kofia na kuondoka vichwa wazi. Kila asubuhi kabla sijawasha gari nawaambia jambo lile lile: tukisimama, ufunguliwe mlango mmoja tu, ule wa upande nilioukinga. Ikifunguliwa miwili pamoja, upepo unapita katikati na kuondoka na kila kisichoshikwa. Wanacheka. Tukifika kituo cha kwanza hawacheki tena.

Siku ninayoisimulia sikuwa na wageni. Nilikuwa na wakwe zangu, na heri ningekuwa na wageni.

Mama mkwe alikuwa akikaa kwetu tangu msiba, mwaka mzima sasa. Baba mkwe alibaki ng'ambo, kwenye nyumba yao. Asubuhi ile alikuja na boti ya kwanza, na alikuwa aondoke na ya jioni. Swali lilikuwa moja tu: ataondoka peke yake, au na mkewe? Mke wangu ndiye aliyepanga safari yote. "Tuwazungushe pwani," aliniambia. "Waone bahari, wapigwe na upepo kidogo, wenyewe watasogeleana." Nikasema sawa. Mkwe hana kura.

Msiba wenyewe ulikuwa wa kitinda mimba wao, kijana aliyekuwa akijifunza useremala. Aliamka siku moja akasema kifua kinambana. Mama akataka apelekwe hospitali. Mzee akasema, "Anadeka tu huyo, mnamlea kama yai," akamwondoa kitandani akamtuma kazini. Kijana akaenda kwa miguu yake na akarudishwa amebebwa. Tangu hapo Mzee hakusema lolote kuhusu asubuhi ile, si zuri si baya. Mama hakumtaka alie, wala apige magoti. Alitaka kusikia tu kwamba lile neno linamuuma Mzee kama linavyomuuma yeye. Mzee akawa bubu. Waombolezaji walipotawanyika, Mama akafunga virago akaja kwetu.

Sasa, katika ukoo wa mke wangu kuna jambo ambalo sijaliona kwingine. Watu wakigombana hawasemeshani, na hilo ni la kawaida, lakini hawa hawanyamazi. Wanaendelea kuzungumza kupitia kwa mtu wa tatu, hata wakiwa meza moja. "Mwambie baba yako chumvi iko karibu naye." Baba yuko hapo hapo, amesikia, na chumvi anaiona, lakini hanyanyui mkono mpaka mtoto aseme, "Baba, Mama anasema chumvi iko karibu nawe." Mababu zao waliishi hivyo na hawakuona ajabu. Mke wangu alianza kupeleka ujumbe kabla hajaanza shule.

Na aliifanya kazi hiyo vizuri mno, hapo ndipo tatizo lilipo. Yeye ni mtu wa mapokezi katika hoteli ndogo ya hapa mjini. Kutwa anapokea watu waliofura. Mgeni anamwambia, "Mwambie mpishi wako hii si supu, ni maji ya kuoshea vyombo." Yeye anakwenda jikoni na kusema, "Mgeni wa juu anaomba supu iwe nzito kidogo." Jikoni hakuna aliyewahi kununa. Mgeni naye analetewa samahani ambayo mpishi hakuitoa. Ndiyo maana wote wanampenda, na ndiyo maana mimi nilimuoa, kwa kuwa ninayo hasira ya karibu na mtu wa kunitafsiri nilimhitaji.

Tulimpokea Mzee bandarini. Ni mtu mrefu, ameinama kidogo siku hizi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Dereva, hujambo." Jina langu analijua. Ameamua tu kutolitumia.

Alikaa mbele pamoja nami. Mama na mke wangu walikaa nyuma. Hatujatoka hata mjini, kazi ikaanza.

"Mwambie baba yako afunge dirisha, vumbi linaingia," Mama akasema.

"Baba, Mama anaomba ufunge dirisha."

"Mwambie mama yako dirisha limefungwa. Ni hili kopo la Dereva linalopitisha."

"Mama, Baba anasema limefungwa."

Kopo la Dereva likapotelea njiani. Nilimtazama mke wangu kwenye kioo, naye akanikonyeza. Mimi nikajitia hamnazo. Ndani ya gari, hilo halikuwa na madhara, kwa kuwa kila mtu alikuwa akisikia mara mbili, la kwanza bichi na la pili limepikwa. Nikaanza maelezo yangu ya kila siku ili kujaza kimya: "Kushoto kwenu ni kreta ya mlima uliolipuka mwisho, na yale mawe yote mnayoyaona yalishuka kama uji wa moto mpaka..."

"Dereva," Mzee akasema, "sisi si wageni."

Basi nikaendesha. Barabara ya pwani inapita katikati ya mawe hayo, meusi na yenye matundu. Majani machache yaliyoota yote yameinama upande mmoja. Siku ya jua watu husema ni pazuri. Siku ile mawingu yalikuwa chini, bahari ilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, na kwa kweli sikuona cha kumwonyesha mtu aliyefiwa.

Kituo cha kwanza ni ufuo wa mchanga mweusi. Niliegesha pua ya gari ikielekea upepo, nikawafungulia mmoja mmoja. Mzee akaenda kushoto, Mama akaenda kulia. Mke wangu akasimama katikati, anatazama huku na huku, hajui amfuate nani. Mwishowe alimfuata baba yake, mimi nikamfuata Mama kwa sababu mchanga ule unazamisha miguu na yeye ana presha.

"Unajua kwa nini nimekubali kuzungushwa kama mtalii?" aliniuliza.

"Sijui, Mama."

"Binti yangu ameniambia baba yake ana neno. Kama analo, mimi nimeshafungasha. Nguo zangu ziko nyuma ya gari lako, ulidhani ni mablanketi. Naondoka naye leo hii. Nimechoka kukaa kwenye nyumba ya mkwe."

"Mama, kwetu ni kwako."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka kitanda changu, nataka jiko langu, na nataka kufagia kile chumba cha mwanangu kwa mkono wangu. Lakini siingii nyumba ile nikiwa na mtu ambaye moyoni mwake hakuna kilichotokea."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Wimbi likaja mpaka karibu na viatu vyetu na hakurudi nyuma. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nikataka kwenda kumtikisa yule mzee mabega. Badala yake nikamshika Mama mkono, tukarudi garini.

Mnara wa taa tuliupita bila kushuka, kwa kuwa mlinzi alikuwa ameufunga kwa sababu ya upepo. Tukaenda moja kwa moja kwenye Tundu. Ndivyo tunavyopaita hapo, Tundu. Ni mwamba mrefu wa volkano ambao chini yake bahari imechimba pango, na juu kuna shimo. Wimbi kubwa likiingia pangoni, maji yanaruka kupitia shimo lile na kupaa juu kuliko nyumba, kisha upepo unayachukua na kuyamwaga kwa waliosimama upande mbaya. Kuna reli ya chuma pembeni ya mwamba, na mbali kidogo kuna ukuta wa mawe wa nusu duara ambao wenyeji waliujenga ili mtu apate mahali pa kuvuta pumzi.

Mama alikaa ndani ya ukuta ule. Nilimmiminia chai ya chupa. Mzee alikwenda kwenye reli na binti yake. Pale huwezi kusikia mtu aliye kando yako mpaka akusemee sikioni, sembuse wale waliokuwa ng'ambo ya Tundu. Tuliwaona tu. Mzee alikuwa ameinama kwenye sikio la mke wangu, kofia ameishika kwa mikono miwili, na alikuwa akisema. Alisema kwa muda mrefu. Tangu nimjue sijawahi kumwona akitoa maneno mengi kiasi kile. Kuna mahali aliachia kofia kwa mkono mmoja, akaushusha mkono huo mpaka kwenye ugoko wake, akapachapa hapo kama mtu anayeonyesha mpaka.

"Anaonyesha nini?" Mama akauliza. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Sioni vizuri, Mama."

Mke wangu akaja. Alikuja akipambana na upepo, macho yamemuiva, na nikajua analia ingawa maji ya Tundu yalikuwa yamemlowesha uso mzima. Akapiga magoti mbele ya mama yake ndani ya ule ukuta.

"Mama, Baba ameomba radhi."

Mama akaweka kikombe chini. "Amesemaje?"

"Anasema alikosea. Anasema anajuta usiku na mchana. Tangu uondoke nyumba imepoteza nuru. Anakupenda, Mama, na hawezi kuishi bila wewe."

Mimi moyo wangu ukapoa. Nikasema kumbe mzee wa watu ana maneno, tumemwonea bure. Nikaanza hata kufikiria nani atapata kile chumba chetu cha pili. Lakini Mama hakutabasamu.

"Amesema nyumba imepoteza nuru?"

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako?"

"Ndiyo."

"Yule pale?"

Tukageuka wote watatu kumtazama yule pale. Alikuwa ametupa mgongo, amesimama peke yake kwenye reli, koti linampiga miguuni.

"Mwanangu," Mama akasema, "nimeishi na yule mtu tangu nywele zangu zote nyeusi. Siku aliyonichumbia alisema, 'Kwetu kuna nafasi.' Basi, ndiyo posa niliyopata. Nilipokuzaa wewe alisema, 'Ana masikio yangu.' Leo nuru kaitoa wapi?"

"Watu hubadilika, Mama."

"Hajasema."

"Mama..."

"Hajasema neno. Wewe umemhurumia baba yako, umeniletea ya hotelini." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mwambie hivi. Mwambie hayo ni maneno ya kuazima. Akipata ya kwake, ajue ninapokaa."

Mke wangu alinitazama kama anayetaka niseme kitu. Niseme nini? Sikuwa nimesikia. Akainuka akarudi kwa baba yake, akamsemea sikioni, kidogo tu. Nilimwona Mzee akitikisa kichwa kukubali, akavaa kofia, na kuja garini kwa hatua nyepesi.

Njia yote ya kurudi mjini alikuwa mtu mwingine, na hilo ndilo lililonichanganya. "Dereva," aliniuliza, "hii kreta ililipuka lini?" Nikamweleza. Akauliza kama moto bado uko chini. Nikamwambia wataalamu wanasema upo. "Ajabu," akasema. Kisha akageuza shingo kidogo, nusu tu, na kusema, "Mwambie mama yako upepo wa leo umemrudishia rangi usoni."

"Mama, Baba anasema umependeza."

Mama alikuwa akitazama dirishani. Mke wangu akakosa cha kupika.

Bandarini mfanyakazi alikuwa akitundika kibao: boti ya mwisho, kisha safari zimesimama mpaka upepo utakapotulia. Hapa kwetu hiyo huweza kuwa siku kadhaa. Nilisimamisha gari, nikazima. Mzee hakushuka. Alikaa mikono mapajani akisubiri, na sote tulijua anasubiri nini.

"Mwambie baba yako safari njema," Mama akasema.

Hata mke wangu hakurudia. Hakukuwa na haja.

Mzee akasema, "Mwambie mama yako ahsante." Nikamfungulia mlango. Mke wangu alishuka upande wa pili, akaenda kusimama kwenye ukuta wa gati akiwa ametupa mgongo, kwa kuwa hakuweza kuagana. Mimi nikambebea Mzee mfuko wake mpaka getini. Alikuwa abiria wa mwisho. Baharia alimhimiza, akavuka, geti la chuma likafungwa kati yetu, na hapo ndipo alipogeuka. Nadhani lile geti lilimsaidia.

"Nilidhani habari ya kitanda itamgusa," akasema.

"Kitanda gani, Baba?"

"Si nilimtuma mwenzio amwambie? Kwamba nalala kwenye kitanda cha mtoto. Tangu mama yenu aondoke. Chumbani kwetu siwezi." Akashusha mkono, akauchapa ugoko. "Kifupi kile, miguu inatoka nje mpaka hapa. Kila nikigeuka kinanigonga. Nikasema na kinigonge, nami nilimwondoa humo asubuhi ile akiwa mgonjwa. Nikamtuma amwambie mama yake hivyo, basi. Akarudi akaniambia mama anafikiria." Akatazama gari langu. "Amefikiria. Ni haki yake."

"Baba, subiri! Mama hakuambiwa! Baba!"

Mashine zilikuwa zimeshanguruma. Aliweka mkono sikioni, akanitazama mdomo, akadhani naaga. Akanipungia, akaingia ndani kwa abiria wengine, na boti ikaachia gati.

Nilimwendea mke wangu pale ukutani. "Kwa nini hukumwambia habari ya kitanda?"

Alijua mara moja. "Ningemwambiaje kitu kama kile? Ana presha. Nimtie picha ile kichwani, Baba mzima kajikunja kwenye kitanda cha marehemu? Na wala si radhi, hakusema samahani hata mara moja. Nikaona bora nimsemee." Akaufunika uso. "Nilimsemea vizuri."

Hasira zilinipanda, nami nina hasira za karibu kama nilivyosema, lakini sikupata pa kuzimwaga. Nikamwacha pale, nikaingia garini nikafunga mlango. Mama alikuwa amehamia kiti cha mbele. Upepo ulikuwa ukilitikisa gari.

"Mama, nina maneno ya Baba. Nimeyasikia kwa masikio yangu."

"Yaseme kama alivyoyasema. Usiongeze."

Nikayasema yote, kitanda, miguu na kugongwa. Hata ugoko niliuchapa. Mama alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza alitazama mbele, kule boti ilikokuwa ikipanda na kushuka katika mawimbi.

"Miguu inatoka nje," akasema taratibu. "Hata mtoto mwenyewe kilianza kumfupia. Alisema atajitengenezea kirefu akishajua kazi." Kisha sura yake ikavunjika, akalia kama nisivyowahi kumwona akilia hata siku ya kuzika. "Hayo ni yake. Hayo ni ya kwake mwenyewe. Mpigie."

Simu yangu hukaa kwenye kishikio pale mbele, ikiwa kwenye sauti ya nje, kwa ajili ya kazi. Nikapiga. Iliita mpaka nikakata tamaa, ndipo akapokea.

"Dereva."

"Baba, Mama yupo..."

"Sikiliza, mtandao unaisha nikipita rasi. Wewe uko karibu nao. Mwambie mama yenu asijilaumu, mimi nimemwelewa. Jirani amekuwa akikiomba kile kitanda kwa mwanawe, nimempigia sasa hivi, kesho asubuhi anakuja kukichukua. Mimi nakwenda kukaa kwa kaka yangu. Nyumba ile haina haja ya mtu."

Mama alikuwa ameiinamia simu. Mwaka mzima alikuwa hajamsemesha mtu yule pasipo kupitia kwa mwingine.

"Mzee wangu," akasema. "Mzee wangu, usi..."

Simu ilikuwa imeshakatika. Nikapiga tena, nikaambiwa haipatikani. Nikapiga tena. Boti haikuonekana, rasi ilikuwa imeimeza.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mke wangu akaingia na upepo wote, amelowa, macho yamevimba. Akasogea mpaka katikati ya viti vyetu.

"Mmempata? Mama, mmempata? Amesemaje?"

Mama alijifuta uso, akakunja khanga yake vizuri mapajani. Alipogeuka kwa binti yake sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Anasema boti haiyumbi sana," akasema. "Na wewe ubadilishe hizo nguo, usije ukaugua."